Mkono uliokataliwa kwenye maziko ya Mzee Jumbe

Kama siasa inafaa kusemwa kwenye msiba wa mtu mkubwa, mimi nalijibu suala hilo kwa kisa kimoja. Kisa hichi kila mtu anakisimulia kwa chumvi ya chama chake, kwahiyo nianze na kile ambacho hakuna anaekibishia. Agosti 14, 2016 Mzee Aboud Jumbe Mwinyi alifariki nyumbani kwake Mjimwema, Kigamboni, akiwa na miaka 96. Kesho yake akaletwa Unguja, akasaliwa, akazikwa Migombani. Rais wa pili wa Zanzibar huyo, alishika 1972 baada ya Mzee Karume kuuliwa akakaa mpaka Januari 1984, kwahiyo ushajua siku ile ilivokuwa, wakubwa wa serikali, wa vyama, wastaafu, masheikh, na wananchi ndo hao hawana idadi. Dk Ali Mohamed Shein wa CCM, aliyekuwa Rais wa Zanzibar wakati ule, akawa anapeana mikono na viongozi mmoja baada ya mwengine, akafika kwa Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa CUF, chama kikubwa cha upinzani, akanyoosha mkono. Maalim hakuupokea. Shein akapita.

Basi ndo hayo tu. Hakuna aliyenyanyua sauti, hakuna aliyeshika maiki, jambo lenyewe ni la kufumba na kufumbua. Lakini jioni ile ukipita kwenye baraza yoyote, mjini au kule kwetu Wete, watu hawamzungumzi Jumbe, wanauzungumza mkono. Na mpaka leo miaka yote hii ukimtajia kijana maziko ya Mzee Jumbe anakwambia "aa, yale ya mkono".

Ndo mana nimekichagua hichi. Watu wakibishana kama siasa inafaa kusemwa kwenye msiba wa mtu mkubwa huwa wanafikiria hotuba, mtu kashika maiki anawapiga vijembe wapinzani wake jeneza liko mbele yake. Hayo yako, na bara wanayo sana. Mimi lakini naona neno zito kabisa la siasa kuwahi kusemwa kwenye maziko hapa kwetu halikusemwa kwa mdomo.

Kwa ambae alikuwa mdogo wakati ule: Oktoba 25, 2015 tulipiga kura, Oktoba 28 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi Jecha Salim Jecha akatangaza uchaguzi wote wa Zanzibar umefutwa, Machi 20, 2016 ukarudiwa, CUF wakasusa, Shein akatangazwa na asilimia 91. CUF wakasema serikali hiyo hawaitambui. Na hawa si watu waliokuwa hawajuani, miaka mitano nyuma yake walikuwa serikali moja, Shein Rais na Maalim Makamu wa Kwanza, Serikali ya Umoja wa Kitaifa iliyopatikana baada ya kura ya maoni ya Julai 31, 2010. Wapemba wote wawili tena, mmoja wa Chokocho mmoja wa Mtambwe. Ukiwatazama kwa jicho la kijiji ni watu wa kuzikana hao.

Sasa hapo ndo pa kutulia kidogo, mana hili neno "kuzikana" kwetu si maneno ya mapambo. Mwaka 2016 Pemba kulikuwa na kususiana. Haikuwa mara ya kwanza, sie tuliokuwa watoto baada ya uchaguzi wa 1995 tunaikumbuka ile ya mwanzo, lakini ya 2016 iliuma vyengine kwa sababu tulidhani tushatoka huko. Mtu wa chama chengine haendi duka la mwenziwe, gari ya fulani haipandwi, harusi haendewi, na mwisho kabisa, ambapo hata mtu mzima ukisimulia sauti inabadilika, maiti haendewi. Au wanakwenda lakini wanakwenda kwa namna.

Nimeishuhudia moja kwa macho yangu, kijiji sikitaji. Kafa mzee, na jirani yake ni wa chama chengine, nyumba zao zimeachana kwa mkarafuu mmoja tu, miaka yote wakiazimana mpaka parizo. Yule bwana kaja na kanzu yake na kofia yake. Hakuna aliyemfukuza. Likanyanyuliwa jeneza, na unajua sie tunavobeba, mtu anabeba hatua kumi kumi na tano, mwengine anakuja anatia bega, unampisha, jeneza linakwenda juu ya watu kama linaelea. Yule bwana kila akisogeza bega aliyebeba hapishi. Hamtazami, hamwambii kitu, hapishi tu. Anaingia mwengine kutoka upande wa pili anapishwa, yeye hapishwi. Mwendo kama wa robo saa kutoka nyumbani mpaka makaburini, anasogea anarudi, anasogea anarudi, mwisho nikamuona kavua makubadhi yake kayashika mkononi akawa anatembea nyuma ya watu wote. Kaburini alitia udongo. Mateko matatu, kwa kiganja, mana kwenye udongo hakuna wa kukupisha wala wa kukuzuia.

Nilipoisikia habari ya mkono wa Maalim, mtu wa kwanza kunijia akilini alikuwa huyu bwana na makubadhi yake mkononi. Wale waliobeba jeneza kijijini na Maalim pale Unguja walikuwa wanasema kitu kimoja, kwamba wewe hatukutambui. Tofauti yake kijijini hakukuwa na kamera.

Waliomtetea Maalim, na mimi baadhi yao nawaelewa sana, walikuwa na hoja hii: ule haukuwa mkono wa msiba, ulikuwa mkono wa picha. Angeupokea tu, kesho yake ingetoka picha wameshikana wanatazamana na watu wangesema ushaona, kashamtambua, yamekwisha. Miezi mitano tangu Machi watu wake wamekaa wanasubiri, wengine wamepoteza kazi zao, wengine wamelala ndani, alafu yote yafutwe na picha moja ya makaburini? Na kuna hoja nyengine ambayo naiona nzito zaidi. Juni mwaka ule ule polisi walikuwa washapiga marufuku mikutano ya hadhara ya vyama. Kiongozi wa upinzani hana uwanja, hana pa kusema neno mbele ya watu elfu moja. Ukimfungia mtu uwanja, siasa yake itatoka palipobaki wazi, na msikiti na makaburi hayafungwi. Marufuku ile ilikuja kuondolewa Januari 2023, hesabu mwenyewe miaka.

Wa upande wa pili wakaleta dini. Suratun Nisaa aya ya 86, mkisalimiwa kwa salamu yoyote basi itikieni kwa iliyo bora kuliko hiyo au mrudishe ile ile. Wakaleta hadithi ya kwamba si halali Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Wakajibiwa kuwa salamu ni ya mdomo na mkono ni ziada tu, na kwamba dhulma ina hukumu zake. Baraza zikawa vyuo vya fiqhi wiki nzima, watu ambao alfajiri hawaamki wanatoa fatwa. Nikiri aya ile mimi binafsi ilinikaa, sina jibu lake zuri kwa upande wa Maalim. Lakini naona wote wawili walikuwa wanabishana juu ya watu wawili walio hai, na hapo ndo kisa kilipopotea njia.

Tazama maziko yetu yalivo. Yanafanywa haraka na hayana jukwaa. Maiti anakoshwa, anakafiniwa, anasaliwa takbira nne mmesimama, hakuna rukuu hakuna sijida, anabebwa, analazwa mwanandani, udongo, talkini (yale maneno anayosomewa maiti kaburini) kwa wanaoiona inafaa, dua, watu wanatawanyika. Wapi hapo pa kutia risala? Hamna. Ila kuna tangazo moja, na hili naomba ulitie akilini. Anasimama mmoja wa wenye maiti, mtoto au ami au kaka mtu, anasema jamani marehemu alikuwa binaadamu, aliyemkosea amsamehe, na kama kuna anaemdai aje kwetu tuzungumze. Basi. Hotuba yote ya maziko ya kwetu ni hiyo, nayo ni ya madeni.

Mimi natumia hiyo hiyo kupima. Siasa inayomhusu marehemu mwenyewe, anachodai na anachodaiwa, ina haki ya kusemwa kwenye maziko yake, mana kama mtu kaishi siasa miaka sitini utamzikaje bila ya hiyo siasa, utasema alikuwa anapenda kulima mananasi? Lakini deni la fulani na fulani walio hai, hilo halina nafasi pale, mwenye maiti hakuliita na marehemu hawezi kulilipa.

Sasa lipime tukio la Migombani. Kilichokuwa baina ya Maalim na Shein ni Oktoba 25. Jumbe hakuwemo humo. Alikuwa mzee wa miaka tisini na kitu yuko Kigamboni na vitabu vyake na ibada yake. Lakini Jumbe alikuwa na deni lake, na tofauti na maiti wengi, yeye ndiye aliyekuwa anadai.

Hili vijana wengi hawalijui kwa hiyo nalisimulia. Mwisho wa 1983 na mwanzo wa 1984 Jumbe alikuwa anauliza suala la Muungano, serikali ngapi, Zanzibar iko wapi ndani yake, na alikuwa katika matayarisho ya kulipeleka shauri kwenye Mahakama Maalum ya Katiba ambayo katiba yenyewe ya Muungano imeitaja. Waraka ukamfikia Mwalimu Nyerere kabla haujapelekwa popote. Januari 1984 Halmashauri Kuu ya CCM ikakaa Dodoma, Jumbe akashambuliwa ndani ya kikao, na katika waliokuwa upande wa kumpinga alikuwemo kijana msomi wa Kizanzibari anaeitwa Seif Sharif Hamad. Jumbe akajiuzulu urais wa Zanzibar na vyeo vyake vyengine vyote. Akaingia Ali Hassan Mwinyi, na Waziri Kiongozi akawa huyo huyo Seif, mpaka Januari 1988 na yeye alipoondolewa.

Alafu dunia ikageuka. Miaka thelathini baadae, wakati wa mchakato wa Katiba Mpya na Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba iliyopendekeza serikali tatu, nani alikuwa mbele kabisa Zanzibar kudai mamlaka kamili? Maalim Seif. Suala lile lile la Jumbe. Mtu aliyesaidia kumtoa mwenziwe kwenye kiti kwa sababu ya suala, akamaliza umri wake akilibeba suala hilo hilo.

Kwahiyo Agosti 15, 2016 pale mbele ya jeneza alikuwepo mtu mmoja ambae, ukitumia lile tangazo la madeni, alikuwa na neno la kusema kuliko Rais, kuliko mawaziri, kuliko sheikh yoyote. Angesimama Maalim akasema mzee huyu mwaka 84 aliuliza suala tukamtoa, na sie tulikuwemo, na leo suala lake ndo letu, hilo lingekuwa neno la siasa kuliko yote na mimi ningesema linafaa, tena limechelewa. Kuna ambao wangekasirika, chama kingekasirika, lakini ni la Jumbe, ni haki yake, anazikwa nalo. Badala yake siku ile tukaikumbuka kwa deni la watu wengine. Sijui kama kuna aliyelisema hilo la Dodoma pembeni na watoto wa marehemu, labda lilisemwa, yanayosemwa masikioni wakati wa kupeana pole hayaandikwi. Nnachosema ni kuwa mkono ulilifunika.

Na asije mtu akaniambia nimemuweka Maalim peke yake kizimbani. Mkono ulionyooshwa nao ni maneno. Rais anajua mwenziwe hamtambui, anajua kamera ziko pale, anajua akipokelewa kashinda na akikataliwa kashinda vilevile, mana mwenye kukataa ndo ataonekana mkorofi. Inawezekana ilikuwa ni ustaarabu tu wa mtu mpole, na Shein mpole kweli hata mahasimu zake wanakiri. Mimi moyo wa mtu sikuufungua. Ila kosa naliona liko nyuma zaidi, liko kwenye itifaki. Nani alipanga viti? Kwenye maziko ya kawaida mkono wa taazia unampa mfiwa, unakwenda kwa mtoto wa marehemu unamwambia Mungu akupeni subra, yeye anakuitikia. Watu wawili ambao si wafiwa kupeana mikono mbele ya maiti hakumo popote katika kuzika. Ule ni mstari wa uwanja wa ndege, wa kumpokea mgeni, umehamishiwa msibani. Ukishaweka mstari wa vyeo ushaweka jukwaa, na ukishaweka jukwaa usishangae mtu akicheza juu yake.

Na hatukuanza juzi. Kaburi la Mzee Karume mwenyewe liko wapi? Kisiwandui, kwenye ofisi kuu ya chama. Kila Aprili 7 wakubwa wanakwenda pale wanasoma hitma, na anaetaka kumuombea dua muasisi wa Jamhuri aliyekuwa Rais wa wote inabidi apite geti la CCM. Sisemi ilikuwa nia mbaya, 1972 chama kilikuwa kimoja tu na nani angefikiria. Lakini watoto wa vyama vyengine wamekulia wakiona kaburi na ofisi ni kitu kimoja. (Na uwanja wetu mkubwa wa mikutano ya siasa Unguja unaitwa Kibandamaiti, wallahi mgeni ukimwambia anadhani unamtania.)

Ingeweza kufanywaje? Mimi nina mfano mdogo wa nyumbani. Hitma ya ami yangu, ambae na yeye alikuwa mtu wa watu, diwani zamani, chama gani hakukuhusu. Tuko barazani na chini ya turubai, mabuli ya chai yashapangwa, mikate ya ufuta iko ndani, watu wamegaiwa juzuu wanasoma. Akaja mheshimiwa mmoja na watu wake watatu, kakaa dakika mbili, kamnong'oneza binamu yangu ambae ndo alikuwa mwenye maiti kuwa angeomba awasalimie wananchi, neno moja tu. Sote tuliokaa karibu tukasikia, na sote tunajua neno moja la mheshimiwa lina urefu gani, na uchaguzi ulikuwa miezi minne mbele. Binamu yangu hakugomba, hakusema hapana. Akanyoosha mkono kwenye sanduku akatoa juzuu akampa kwa mikono miwili, akamwambia, "Karibu sana mheshimiwa, hii ya kumi na nane bado haina mtu." Mheshimiwa akaipokea. Ungefanyaje? Akafungua, akasoma, na alisoma vizuri tu kusema kweli. Alipomaliza chai ikaja, akanywa, akatoa ubani wake kwenye bahasha, akaondoka. Hakutukana mtu wala hakutukanwa, na mpaka leo akimuona binamu yangu anamwita "juzuu ya kumi na nane".

Wenye maiti wakishika msiba wao, siasa ya walio hai inakosa pa kuingilia, ndo ninavoona. Tatizo la mtu mkubwa akifa ni kuwa wenye maiti wananyang'anywa. Serikali inachukua ratiba, chama kinachukua bendera, na mtoto wa marehemu anakuwa mtu wa kuoneshwa pa kukaa kwenye maziko ya baba yake. Kwahiyo lile la kumpa mtu juzuu halina wa kulifanya. Maalim naye alikuwa na njia, angeweza kukaa na wafiwa badala ya kwenye safu ya wakubwa, angewapa mkono watoto wa Jumbe akasalia akazika akaondoka, na kusingekuwa na mkono wa kupokea wala kukataa. Shein naye angeweza kuitoa salamu yake kwa mdomo kwa watu wote, Assalaamu alaykum mara moja, ikapokelewa na umma mzima na Maalim ndani yake. Rahisi mimi kusema nikiwa nimekaa na kikombe changu cha kahawa, najua.

Yaliyofuata yaliharibu zaidi. Mwanzoni mwa Septemba Rais Magufuli akaja visiwani kwenye mikutano ya kushukuru wapiga kura, mikutano ambayo wapinzani wao walikuwa hawaruhusiwi, na jukwaani akalitaja tukio la msibani. Akamsifu Shein kwa upole, na akaeleza kuwa angekuwa yeye asingeendelea kumsainia stahiki mtu aliyemkatalia mkono wake. Watu wakapiga makofi. Mimi nilisikiliza nikajiuliza hili sasa tunaliitaje, mana wakubwa wetu husema msilete siasa kwenye misiba, sasa huku msiba ndo umeletwa kwenye siasa. Marehemu hajafikisha hata siku ishirini kaburini, na kilichopandishwa jukwaani kutoka kwenye maziko yake ni mkono na fedha. Mahakama ya Katiba, Dodoma, Baraza la Wawakilishi lililoanza wakati wake mwaka 1980, hayo hayakuwa na mteja.

Alafu ikaja zamu ya Maalim mwenyewe. Uchaguzi wa Oktoba 2020, safari hii akiwa ACT-Wazalendo, akayakataa matokeo tena, watu walikufa tena Pemba, na mwezi wa Disemba akaingia serikalini na Dk Hussein Mwinyi, akaapishwa Makamu wa Kwanza. Kuna watu wake hawakumsamehe mkono ule wa 2020 kama vile wengine hawakumsamehe ule wa 2016, ukiupokea kosa ukiukataa kosa. Februari 17, 2021 akafariki Muhimbili. Rais Mwinyi ndiye aliyetangaza, siku saba za maombolezo. Kesho yake akasaliwa Mnazi Mmoja, Unguja, akazikwa kwao Mtambwe, na Pemba ile siku ile siwezi kuieleza, watu walikuwa wanatembea kwa miguu kutoka vijiji ambavyo hata gari hufika kwa shida.

Siku zile neno lililokuwa midomoni mwa watu ni maridhiano. Kuna waliokereka, wakasema hii siasa, wanataka kuwafunga watu mdomo kwa kutumia maiti. Kwa ule mzani wangu mimi sikukereka. Maridhiano yalikuwa yake, ya 2009 na Karume mdogo, Rais Amani, yalikuwa yake na haya ya 2020 yalikuwa yake, kafa akiyadai na akidaiwa kwayo. Mwenye kumsifia kwayo au kumlaumu kwayo alikuwa anamzika yeye, hakuwa anamzika mtu mwengine.

Ila tulipokuwa tunarudi, gari imejaa, wengine wamening'inia, udongo uko kwenye viatu bado, vijana wawili nyuma wakaanza kuhesabu majina. Nani atarithi umakamu, fulani hawezi kapoa mno, fulani chama hakitamkubali, fulani wa Unguja. Hatujafika hata nusu ya njia. Mzee mmoja aliyekaa mbele na bakora yake hakugeuka, akasema tu kwamba mwenzenu sasa hivi yuko anaulizwa huko chini hajamaliza kujibu, nyinyi mshamgawa. Gari nzima kimya. Tukaenda hivo hivo kimya mpaka Wete, tukashuka, na pale pale chini ya gari, kabla mtu hajatoa nauli, yule kijana wa kwanza akamvuta mwenziwe pembeni akamuuliza kwa sauti ya chini, "Hivi ulimtaja nani yule wa tatu?"